Kidole cha Mtoto na Salio la Mzazi

Vugiri ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, kwenye safu ya Usambara Magharibi. Ichukuliwe, kwa mfano tu, nyumba moja ya huko wakati jua linapotua. Baba amerejea kutoka shambani, mama yumo jikoni, na simu ya baba, iliyotiwa vocha ya shilingi 1,000 asubuhi ile, imo mikononi mwa mtoto wa miaka sita anayetazama katuni. Baada ya chakula baba anataka kumpigia nduguye aliyeko Korogwe mjini ili kupata habari za mgonjwa aliyelazwa hospitali. Sauti ya mtambo inamjibu kwamba hana salio la kutosha. Mtoto anaulizwa ameifanya nini simu. Anajibu kwamba hakufanya kitu. Alikuwa akitazama tu.

Katika nyumba nyingi jibu hilo huhesabiwa kuwa uongo, na pengine mtoto huchapwa. Hata hivyo, mtu akilichunguza jambo lenyewe kwa jicho la sayansi, ataona kwamba baba na mtoto wote wawili wanasema kweli. Fedha zimetoka, na hakuna aliyezitoa kwa kukusudia. Ili kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, inabidi kufuata safari ya mguso mmoja wa kidole tangu unapoangukia kwenye kioo cha simu hadi unapogeuka kuwa fedha iliyokatwa.

Kioo kinachohisi

Simu ndogo za vibonye, ambazo wananchi wengi huziita vitochi, hufanya kazi kama swichi ya taa. Chini ya kila kibonye kuna vipande viwili vinavyopitisha umeme vilivyotenganishwa kwa nafasi ndogo. Kidole kikibonyeza kwa nguvu ya kutosha, vipande hukutana, mkondo wa umeme hukamilika, na simu hutambua kwamba tarakimu fulani imechaguliwa. Mtoto mchanga anayekisugua kibonye kwa kiganja aghalabu hafanikiwi kufanya lolote, maana nguvu yake haitoshi, na hata ikitosha ni vigumu kwake kupangilia tarakimu kwa utaratibu unaoleta maana.

Simu janja haina msukumo wa namna hiyo. Chini ya kioo chake umetandazwa wavu mwembamba sana wa maada inayopitisha umeme lakini ambayo jicho huona kupitia kwake kana kwamba haipo. Aghalabu maada hiyo ni oksidi ya madini ya indiamu na bati. Kila mahali nyuzi za wavu huo zinapokatana pana chaji ndogo ya umeme iliyotulia, kama ilivyo katika kapasita ambayo wanafunzi wa fizikia wanaifahamu. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Kidole kinapokaribia kioo, sehemu ya chaji hiyo huvutwa kukielekea. Kifaa cha kupimia kilichomo ndani ya simu huupima wavu wote mara nyingi katika kila sekunde, na palipopungua chaji ndipo kinapotangaza kwamba pameguswa.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Kioo cha namna hii hakipimi nguvu. Kijiti kikavu kinachokandamizwa kwa bidii hakionwi, ile hali tone la maji lililodondoka juu yake linaweza kusomwa kama mguso. Kidole laini cha mtoto wa mwaka mmoja, kilicholowa mate au uji, kinatosha kabisa. Na taarifa inayopelekwa kwenye programu ya simu ni fupi mno: mahali palipoguswa na wakati wa mguso. Umri wa mwenye kidole haumo katika taarifa hiyo, wala nia yake. Ikiwa mahali palipoguswa pamechorwa neno la kukubali ununuzi, programu huandika kwamba ununuzi umekubaliwa.

Kwa kifupi, kile ambacho dukani huwa ni maneno, macho kukutana, sarafu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na pengine kupunguziana bei, katika simu kimefanywa kuwa nukta moja juu ya kioo.

Mikoba miwili ndani ya simu moja

Watu wengi husema "fedha zilizomo kwenye simu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli simu ya Mtanzania wa kawaida ina mikoba miwili, na mikoba hiyo haikufungwa kwa kufuli moja.

Mkoba wa kwanza ni wa fedha za simu. Huduma hizi zilianza Kenya mwezi Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, na Tanzania zikafuata mwaka 2008. Mkoba huu hulindwa kwa namba ya siri, ambayo kwa kawaida ni ya tarakimu nne. Hesabu yake ni rahisi: kila tarakimu ina nafasi 10, kwa hiyo michanganyiko yote ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Ikiwa mtambo huifunga huduma baada ya kukosea mara tatu, mtoto anayebahatisha ana nafasi tatu tu kati ya 10,000. Kufuli hilo ni imara. Udhaifu wake haumo katika hesabu bali katika maisha ya nyumbani. Mzazi aghalabu huibonyeza namba yake mbele ya watoto, na katika nyumba nyingi ni mjukuu anayesoma darasa la nne ndiye anayemsomea bibi yake ujumbe na kumtolea fedha, hivyo namba ya siri anaijua tangu zamani na kwa ruhusa.

Mkoba wa pili ni salio la vocha, na huu aghalabu hauna kufuli lolote. Anayeishika simu iliyo wazi anaweza kulitumia kwa kupiga, kwa kutuma ujumbe, kwa kununua kifurushi au kwa kujiunga na huduma ya milio na habari. Njia inayotumika sana ni ile ya kubonyeza nyota, tarakimu na reli. Njia hiyo inatofautiana na ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mfupi huwekwa kwenye ghala la mtandao na kupelekwa mpokeaji anapopatikana, kama barua ya posta. Njia ya nyota na reli ni mazungumzo ya papo kwa papo: simu na mtambo hufungua kikao, mtambo huleta orodha ya machaguo, simu hujibu, na kikao hufungwa. Kila orodha ina nafasi ya baiti 160, yaani biti 1,280. Kwa kuwa kila herufi hutumia biti saba, haziwezi kuzidi herufi 182. Katika nafasi finyu kama hiyo masharti ya huduma hayana pa kukaa. Hubaki jina la huduma, bei, na tarakimu ya kuchagua.

Kwa mtu mzima, "1" katika orodha hiyo maana yake ni "nimekubali kukatwa fedha." Kwa mtoto aliyeanza kujifunza kuhesabu, "1" ni tarakimu aliyoifahamu wiki iliyopita na anayefurahi kuiona tena. Vile vile yapo matangazo yanayojitokeza yenyewe kwenye kioo, yakiwa na neno la kukubali na neno la kukataa. Mtoto ambaye katuni yake imezibwa na tangazo atagusa popote ili katuni irudi. Ikiwa amejiunga na huduma inayokatwa kila siku, hasara huwa ndogo kiasi cha kutotambuliwa. Shilingi 100 kwa siku hazimshtui mtu. Lakini kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 36,500.

Katuni moja ina uzito gani?

Katika mfano wa Vugiri inawezekana pia kwamba mtoto hakugusa orodha yoyote. Alitazama tu, kama alivyosema, na kutazama kukawa ndiyo gharama.

Picha zinazotembea husafirishwa zikiwa biti, na biti nane hufanya baiti moja. Picha ya ubora wa wastani huweza kuhitaji biti zipatazo milioni moja katika kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo saa moja ya katuni ni biti milioni 3,600. Ukigawa kwa nane hupatikana megabaiti 450. Kifurushi kidogo cha siku kinaweza kumalizika kabla katuni ya pili haijakwisha. Kinachofuata hutegemea mipango ya mtandao na ya simu yenyewe. Kama intaneti hukatwa kifurushi kinapokwisha, katuni husimama na mtoto hulalamika. Kama huendelea kwa kutoza salio la kawaida, katuni haisimami, na kwa mtoto hakuna dalili yoyote kwamba kitu kimebadilika. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba bei ya nje ya kifurushi ni shilingi tano kwa megabaiti. Salio la shilingi 1,000 litanunua megabaiti 200, nazo zitakwisha kwa muda wa dakika zipatazo 27. Ni muda wa mama kusonga ugali na kuunga mboga.

Programu nyingi za kuonyesha picha huanzisha picha inayofuata zenyewe, bila kuulizwa. Mtoto akisinzia, simu haisinzii.

Milima nayo ina mchango wake. Mawimbi ya redio yanayotumiwa na simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mgongo wa mlima huyatilia kivuli kama unavyolitilia jua. Mahali penye kivuli hicho, jibu la mtambo huchelewa. Mtu mzima hungoja. Mtoto hugusa tena, na tena. Amri ya kwanza huenda ilikuwa imekwisha fika ingawa jibu lake halijarudi. Wahandisi hulijua tatizo hili, na dawa yake ni kuipa kila amri namba yake ya pekee ili amri ileile ikifika mara mbili mtambo uitambue na kuitekeleza mara moja tu. Lakini kinga hiyo hufanya kazi pale simu inaporudia amri ileile kwa sababu ya mtandao hafifu. Kidole kinapofungua kikao kipya na kuchagua upya, mtambo huona amri mbili tofauti za mteja anayependa vifurushi.

Tangi na bomba

Wakazi wa Usambara wanaoyafahamu maji ya mserereko hawatapata shida kuelewa tofauti iliyopo kati ya hasara ya mtoto wa Vugiri na hasara ya mtoto wa Marekani. Anayechota katika tangi lililojazwa asubuhi hawezi kumwaga zaidi ya maji yaliyomo. Aliyeacha wazi bomba lililounganishwa na chemchemi atamwaga hadi arudi kulifunga. Laini nyingi mno za Tanzania ni za malipo ya kabla: hizi ni matangi. Katika nchi tajiri, akaunti ya simu aghalabu imefungamanishwa na kadi ya benki ya mzazi: hilo ni bomba.

Historia ya bomba hilo inajulikana vizuri, maana ilifika mbele ya sheria. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008. Mwaka 2009 ikaruhusiwa kuuza vitu ndani ya programu zenyewe, na kabla mwaka haujaisha ruhusa hiyo ikapanuliwa hadi kwenye programu zinazotolewa bure. Hapo ndipo mchezo wa watoto usio na bei ulipoweza kumdai mzazi mamia ya dola kwa matunda ya kuchora au chakula cha samaki asiyekuwapo. Mzazi alipoandika neno lake la siri ili kuruhusu ununuzi mmoja, mtambo ulibaki wazi kwa dakika 15 bila kuuliza tena, na mzazi hakuambiwa hivyo. Ni sawa na mtu anayemfungulia mgeni mmoja, kisha mlango ukabaki wazi robo saa akidhani umejifunga. Kwa upande wa Google muda huo ulikuwa dakika 30. Amazon, ilipoanza kuuza ndani ya programu mwezi Novemba 2011, haikudai neno la siri la aina yoyote.

Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliyashitaki makampuni haya matatu. Mwezi Januari 2014 Apple ilikubali kurudisha si chini ya dola milioni 32.5 na kubadilisha utaratibu wake wa kuomba idhini; katika malalamiko yaliyopokelewa alikuwapo mzazi ambaye binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo mmoja wa kutunza wanyama. Septemba mwaka huohuo Google ilikubali kurudisha si chini ya dola milioni 19. Amazon ilipinga, ikashindwa mahakamani Aprili 2016, na mwaka uliofuata ukaandaliwa utaratibu wa kurudisha fedha ambazo zingeweza kuzidi dola milioni 70.

Shauri lililofunza zaidi ni la Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, ambao Desemba 2022 walikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishiwa wateja. Hapo hoja haikuwa neno la siri peke yake. Tume ilieleza kwamba vibonye vya mchezo vilipangwa hivi kwamba mchezaji aliweza kutozwa alipokuwa akijaribu kuamsha kioo kilichozima, au mchezo ukiwa bado unajiandaa kuanza, au kidole kilipoteleza kutoka kibonye cha kutazama kitu hadi kibonye cha kukinunua kilichokuwa jirani. Mpangilio wa vibonye ni kazi ya mbunifu aliyekaa mezani na kuchagua. Kwa hiyo ajali inayotokea mara nyingi mahali palepale haiwezi kuitwa ya mtoto peke yake, kama vile ajali za kila mwezi katika kona moja ya barabara haziwezi kuelezwa kwa uzembe wa madereva tu.

Tangi nalo, kwa bahati mbaya, halibaki tangi siku zote. Mitandao hukopesha salio: mteja asiye na kitu hupewa muda wa maongezi na kukatwa, pamoja na ada, siku atakapoongeza vocha. Mkopo huo kwa kawaida hauhitaji namba ya siri, kwa hiyo mtoto anaweza kuutumia hata katika simu ambayo baba ameiacha bila senti. Kwa upande wa fedha za simu zipo huduma zinazokamilisha malipo hata salio lisipotosha, kama Fuliza ya Safaricom iliyoanza Januari 2019, ambayo jina lake ni neno la Kiswahili lenye maana ya kuendelea bila kukoma. Na zipo kadi zisizoshikika, ambazo ni tarakimu tu ndani ya simu, zinazomwezesha mteja kulipa katika maduka ya intaneti ya nchi za nje. Safaricom na Visa walianzisha ya kwao mwaka 2022. Kila moja ya huduma hizi ina manufaa yake ya kweli kwa mfanyabiashara au mwanafunzi wa chuo. Lakini kila moja ni mpira uliochomekwa kwenye tangi ukielekea kwenye chemchemi ya mtu mwingine.

Sarafu inayoondoka mkononi

Mtoto wa Vugiri anayetumwa dukani na sarafu ya shilingi 500, ambayo ilianza kutumika nchini mwaka 2014, hujifunza maana ya fedha kwa mwili wake. Sarafu ilikuwa mkononi, sasa haipo. Badala yake pana chumvi, na chenji ya kurudisha kwa mama. Akiipoteza njiani analia kabla hajafika nyumbani. Hakuna anayehitaji kumweleza kwamba kilichotolewa hakipo tena.

Katika simu hakuna kinachoondoka. Kioo ni kilekile kabla na baada ya ununuzi. Zaidi ya hayo, michezo mingi haitaji bei kwa shilingi wala dola bali kwa vito, nyota au sarafu za dhahabu za kuchora, ambazo nyingine mchezo huzigawa bure kama zawadi na nyingine huziuza kwa fedha halisi, zote zikiwa na sura moja. Mtoto aliyepewa vito 50 bure jana hana njia ya kujua kwamba vito 50 vya leo vimelipiwa. Hata mtu mzima hulazimika kufanya hesabu mbili, ya vito kwenda dola na ya dola kwenda shilingi, na wachache huifanya mchezo ukiwa umepamba moto. Ubongo wa binadamu nao huchelewa kukamilika sehemu ile ya mbele inayohusika na kujizuia na kupima matokeo. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi baada ya umri wa miaka 20. Mtoto wa miaka sita anayeambiwa "usiguse" anaelewa amri, lakini uwezo wa kuitii wakati kioo kinameremeta bado haujajengeka.

Sheria inasema batili, mtambo unasema tayari

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 11, humtaka mwenye kuingia mkataba awe amefikia umri wa utu uzima na awe na akili timamu, na hutamka kwamba makubaliano ya asiyekuwa na sifa hizo ni batili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo humtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kanuni hii ni ya zamani. Sheria yetu ya mikataba ina asili yake katika ile ya India ya mwaka 1872, ambayo juu yake mahakama ya juu ya rufaa ya dola ya Kiingereza iliamua mwaka 1903 kwamba kijana mdogo aliyeweka nyumba zake rehani ili akopeshwe hakuwa amefunga mkataba wowote.

Basi mtoto wa miaka sita akinunua kifurushi, je, kuna mkataba? Mtu wa sheria angeelekea kusema hapana. Lakini mtambo hauwezi hata kuliuliza swali hilo. Tangu Mei 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Usajili huo umesaidia kuwatafuta matapeli. Umesaidia pia kuimarisha dhana kwamba kila kinachofanywa na laini kimefanywa na mwenye alama ya kidole iliyosajiliwa. Kidole kilichosajiliwa ni cha baba. Kidole kilichogusa kioo ni cha mtoto. Na kioo, kama ilivyoelezwa, husoma chaji ya umeme tu. Mzigo wa kuthibitisha kwamba vidole hivyo ni viwili humwangukia baba, ambaye hakuwapo.

Kwa sababu hiyo muda ni kitu cha thamani. Ujumbe wa uthibitisho huwa na saa na, kwa fedha za simu, namba ya muamala. Ujumbe huo usifutwe. Malalamiko yapelekwe siku hiyohiyo kwa kupiga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja wa mitandao ya nchini, na huduma ya kukatwa kila siku iombewe kufutwa katika simu hiyohiyo. Mteja asiporidhishwa na mtoa huduma wake anaweza kupeleka shauri lake kwenye Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lililoundwa kwa sheria ya mamlaka hiyo ya mwaka 2003. Kwa vitu vilivyonunuliwa ndani ya michezo, maombi hupelekwa kwenye duka la programu lenyewe, nayo hupokelewa vizuri zaidi yakiwahi na kitu kikiwa hakijatumiwa.

Kinga za kabla ni rahisi kuliko madai ya baadaye. Duka la programu linaweza kupangwa lidai neno la siri kwa kila ununuzi bila kuacha dirisha la dakika kadhaa. Simu inaweza kuwekewa kikomo cha matumizi ya intaneti. Njia inayoshinda zote kwa uhakika haihitaji ujuzi: katuni ipakuliwe mapema, kisha simu iwekwe katika hali ya ndege, ambamo mawasiliano ya mtandao hufungwa. Hapo mtoto anaweza kugusa apendavyo. Bila mawimbi hakuna kikao, na bila kikao salio haliwezi kukatwa.

Jaribio kwa darasa la fizikia au hisabati

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, jaribio hili litumie simu janja ya mwalimu. Katika mipangilio ya simu kuna mahali panapoonyesha kiasi cha intaneti kilichotumika na kila programu. Kiasi hicho kiandikwe ubaoni. Picha moja itazamwe kwa dakika 10 kamili, kisha kiasi kisomwe tena, na tofauti igawanywe kwa sekunde 600 ili kupata megabaiti kwa sekunde. Ukizidisha kwa nane hupatikana megabiti. Jaribio lirudiwe kwa picha ileile ikiwa imepunguzwa ubora, na darasa lichore grafu ya salio la shilingi 1,000 likipungua kwa bei inayotangazwa na mtandao wa mwalimu. Mwishoni simu iachwe juu ya meza kwa kipindi kizima, kioo kikiwa kimezimwa na intaneti ikiwa wazi, kisha kiasi kisomwe kwa mara ya mwisho. Tarakimu aghalabu hukutwa zimeongezeka, ingawa hakuna kidole kilichoigusa.